Sauti Isiyo na Sura: Utetezi wa Lupita Nyong'o na Waongozaji wa Star Wars

Jioni moja ya likizo ya Desemba, hapa nyumbani Kamunyonge, wajukuu wangu waliweka kompyuta ndogo juu ya meza ya kulia chakula, wakanikaribisha nitazame nao filamu ya safari za angani. Jina lake The Force Awakens, ya mwaka 2015, mojawapo ya mfululizo mrefu wa Star Wars. Walikuwa wamesikia kwamba ndani yake yumo Lupita Nyong'o, yule binti wa Kenya aliyetunukiwa Oscar mwaka 2014 kwa kuigiza nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave, nao walitaka kumwona. Tulitazama kwa muda mrefu bila kumwona. Hatimaye akatokea kiumbe mfupi, ngozi yake ya rangi ya machungwa na iliyokunjamana, miwani minene machoni, mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Mjukuu mkubwa akatutangazia kwamba huyo, aitwaye Maz Kanata, ndiye Lupita.

Mdogo wake hakuridhika. "Babu, wamemficha," akasema. "Hapo hajaigiza kitu. Wameazima sauti tu."

Nami, niliyefundisha Kiswahili katika sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, niliafiki. Nilisema kwamba uso ndio jukwaa la mwigizaji, na aliyefunikwa uso amenyang'anywa jukwaa. Lakini usiku ule usingizi ulichelewa. Neno lile dogo, "tu", lilinikera. Sauti tu. Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kulitamka miaka mingi iliyopita, mbele ya mtu ambaye hakustahili kuambiwa hivyo. Habari hiyo nitaifikia. Makala hii basi ni utetezi, na pia ni ya kujirudi.

Kwanza niuweke wazi ugomvi wenyewe, kwa faida ya msomaji asiyefuatilia mambo ya sinema. Mfululizo huu aliuanzisha George Lucas mwaka 1977, na filamu tatu za kwanza zikakamilika mwaka 1983. Akarudi na nyingine tatu, za 1999, 2002 na 2005, ambazo wengi walizilaumu kwa uigizaji mkavu. Mwaka 2012 kampuni yake ilinunuliwa na Disney kwa dola bilioni 4 hivi, ndipo zikaja tatu za mwisho: The Force Awakens ya 2015 na The Rise of Skywalker ya 2019, zote mbili zikiongozwa na J.J. Abrams, na kati yake The Last Jedi ya 2017, iliyoongozwa na Rian Johnson. Ile ya 2015 ilikusanya zaidi ya dola bilioni 2 duniani kote. Hata hivyo, fedha hazikuleta maelewano. Wapenzi wa filamu hizi waligawanyika, na hadi leo hawajapatana.

Mashtaka yao ni mengi, lakini nikiyachuja yanabaki matatu. La kwanza, kwamba mwigizaji aliyefichwa uso hajaigiza. La pili, kwamba Abrams hakuongoza bali alinakili filamu ya 1977. La tatu, kwamba Johnson alivunja kanuni zote za mfululizo, na kwa hiyo aliuharibu. Nilipoyapanga hivyo nilistaajabu, maana sisi watu wa ushairi wa Kiswahili mashtaka haya matatu tumeyasikia nyumbani kwetu, kabla Maz Kanata hajazaliwa. Historia yetu wenyewe inatosha kuyajibu.

Kabla sijaendelea, nikiri upendeleo wangu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lupita alizaliwa Mexico tarehe 1 Machi 1983 na kukulia Kenya, lakini baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, ni mtu wa upande wa Kisumu, mji ambao kaunti yake amekuwa gavana wake tangu 2017. Kisumu na Musoma zinaoshwa na ziwa moja. Wajaluo wa kule na ndugu zetu wa Rorya, katika mkoa huu wa Mara, ni watu wa lugha moja waliotenganishwa na mstari wa mpaka. Mtoto wa ziwa anaposemwa kwamba hakufanya kazi, masikio ya mtu wa ziwa husimama. Msomaji apunguze humo kile anachoona nimezidisha.

Sasa turudi kwenye mwaka huo huo aliozaliwa Lupita. Mei 1983 ilitoka Return of the Jedi, filamu ya tatu ya mfululizo. Ndani yake kuna rubani msaidizi mwenye masikio makubwa na mashavu yaliyoning'inia, aitwaye Nien Nunb. Huyo ni kinyago: aliyekichezesha ni Mike Quinn, fundi wa vikaragosi. Lakini alipofungua kinywa, watazamaji wa Kenya walishtuka, kisha wakashangilia, kwa sababu walimwelewa. Fundi wa sauti wa filamu, Ben Burtt, alikuwa amemtumia mwanafunzi Mkenya aliyeitwa Kipsang Rotich, naye akasema maneno ya Kikuyu na Kikalenjin. Duniani kote watu walidhani ni lugha ya sayari ya mbali. Kwetu ilikuwa lugha ya jirani. Rotich hakutajwa katika orodha ya waigizaji wakati ule. Miaka thelathini na miwili baadaye, katika The Force Awakens, aliitwa tena kuwa sauti ya Nien Nunb.

Naisimulia habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba Afrika Mashariki iliingia katika hadithi hizi za angani kwa mlango wa sauti. Kabla uso wowote wa kwetu haujaonekana humo, sauti ya kwetu ilikwishasikika. Na ni nani leo atakayesema kwamba Rotich hakufanya kitu? Kikaragosi cha mpira bila ile sauti ni mpira tu. Hapo neno "tu" limekaa mahali pake.

Jambo hili halikupaswa kumshangaza Mtanzania wa rika langu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi, lakini sisi wa Bara tulikua na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Kuanzia 1965 tukawa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika redio hiyo tulijifunza maana ya kuigiza. Nani asiyekumbuka Pwagu na Pwaguzi? Tulicheka hadi machozi, na wengi wetu hatukuwahi kuziona nyuso za waliotuchekesha. Mwaka 1993 ukaanza mchezo wa Twende na Wakati, uliotungwa kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori aliyetapanya mapenzi njia nzima, na mkewe Tunu, aliyevumilia mpaka akachoka, akajitegemea. Mtaani kwetu akina mama walimchukia Mkwaju kwa jina, wakamwombea Tunu heri kama jirani yao. Hakuna aliyeuliza sura zao zikoje. Uzembe wa Mkwaju ulikuwa katika namna anavyovuta maneno. Uchovu wa Tunu ulikuwa katika pumzi anayoishusha kabla ya kujibu.

Ukienda nyuma zaidi utakuta mapiko ya Wamakonde. Mchezaji wa lipiko hufunikwa kichwa kwa kinyago cha mti na mwili kwa nguo, asibaki hata upenyo wa kumtambua. Mtazamaji hasemi kwamba mtu amefichwa. Husema kwamba lipiko limekuja. Kufichwa ndiko kunakompa mchezaji nguvu ya kuwa kile ambacho yeye siye. Kwa hiyo wazo la kwamba uigizaji ni uso, na pasipo uso hakuna uigizaji, si wazo letu la asili. Tumelipokea baadaye, pamoja na kioo cha televisheni, tukasahau kwamba tulikuwa na jingine.

Mimi nami nilisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika shule moja ya sekondari ya mkoa huu ambayo sitaitaja, nilikuwa nikiandaa ngonjera kwa ajili ya siku ya wazazi. Ngonjera, kama wasomaji wajuavyo, ni ushairi wa majibizano, ambao Mathias Mnyampala aliukuza sana baada ya Azimio la Arusha la 1967; nguvu yake ni neno linalosikika sawasawa hadi mstari wa nyuma. Alikuwapo msichana wa kidato cha pili mwenye sauti ambayo sijaisikia tena darasani. Alizitamka mizani zote bila kuimeza hata moja, na kila kina kilitua mahali pake. Lakini alisimama kama mti, macho chini, uso mtulivu kabisa. Nilimsahihisha mara mbili, mara tatu. Mwisho nikamwambia mbele ya wenzake: "Wewe una sauti tu. Kaa chini." Nikampa nafasi yake msichana mwingine, mchangamfu, mwenye kurusha mikono.

Siku ilipofika, yule mchangamfu aliruka na kutabasamu, na walioketi mbele walipiga makofi. Wazazi waliokaa chini ya miti, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakusikia neno. Waliondoka bila kujua ngonjera ilihusu nini.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Mwigobero nikinunua samaki. Nyuma yangu ikasikika sauti: "Shikamoo, mwalimu." Nilimjua kabla sijageuka. Tulijuliana hali, akaniuliza habari za nyumbani, nami nikamuuliza za watoto. Lile nililopaswa kumwambia sikulisema. Nilichukua samaki wangu nikarudi Kamunyonge. Mjukuu wangu aliposema "sauti tu", ilikuwa kana kwamba amefungua daftari langu la zamani na kunisomea kosa langu kwa sauti.

Basi tumpime Lupita kwa mizani inayomfaa. Namna ya uigizaji aliyotumia katika filamu ya 2015 ni hii: mwigizaji huvaa vazi maalumu, usoni hutiwa vinukta, na kamera husoma mwendo wa mwili na wa misuli ya uso. Kisha mafundi wa kompyuta humvika umbo jingine juu ya mwendo ule. Kinachobaki cha mtu mwenyewe ni mwendo na sauti. Katika mfululizo huu aliyepita njia hiyo mapema kabisa ni Ahmed Best, Mmarekani mweusi, aliyemwigiza Jar Jar Binks katika filamu ya 1999. Watu walimkebehi kwa ukatili. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba kebehi zile zilimfikisha ukingoni mwa kutaka kujiua. Nitalirudia jambo hilo.

Lupita aliingia katika kazi hiyo kwa hiari. Alieleza kwamba baada ya 12 Years a Slave, ambamo mwili wake ulikuwa kitovu cha mateso yote yaliyoonyeshwa, alivutiwa na kazi ambayo mwili wake haungekuwa suala. Nawaomba wanaosema "wamemficha" waitafakari kauli hiyo. Wao wanaona pazia alilowekewa na wengine. Yeye aliona mahali pa kupumzika macho ya watu. Sitaki kusema kwamba lawama yao haina msingi. Historia ya sinema ya Marekani ya kuwaweka weusi pembeni inaeleweka, na ni halali kuuliza kwa nini mshindi wa Oscar hakuonekana. Ila swali hilo ni la waliogawa nafasi. Haliwezi kugeuzwa kuwa hukumu juu ya namna alivyoigiza.

Na aliigizaje? Tazama jinsi Maz anavyoingia. Ukumbi wa ngome yake umejaa viumbe, muziki na kelele. Anaita jina la Han Solo kwa ukali, mara moja, na ukumbi wote unanyamaza. Mwili ule mfupi umeutawala ukumbi kwa mwito mmoja. Kisha mezani anamkazia macho kijana Finn, askari aliyetoroka, anapanda juu ya meza na kusogeza miwani yake, akimwambia kwamba anayaona macho ya mtu anayetaka kukimbia. Hapo sauti ina mzaha kidogo, kama bibi anayemtania mjukuu huku akimpima. Lakini baadaye, chini ghalani, anapomshika mkono Rey, msichana anayewasubiri wazazi jangwani miaka yote, sauti inashuka. Haina haraka wala mapambo. Anamwambia kwamba anaowangoja hawatarudi, na kwamba anachokitafuta kiko mbele yake. Ni habari ya msiba, na Lupita anaitoa kama wazee wetu wanavyoitoa: kwa utaratibu, na kwa kumwachia msikiaji nafasi ya kulia. Mwito, mzaha na msiba, vyote katika dakika chache, kwa sauti moja. Mwalimu wa ushairi akimpata mwanafunzi wa namna hiyo na asimpe alama, kasoro ni ya mwalimu.

Kuna jambo jingine lililonigusa kwa sababu ya kazi yangu. Abrams amesimulia kwamba umbo la Maz lilitokana na mwalimu wake wa sekondari, Rose Gilbert, aliyefundisha Kiingereza katika shule ya Palisades huko Los Angeles na kuendelea hata baada ya kuvuka umri wa miaka 90. Kumbe ile miwani minene na ule ushauri wa bila kupindisha ni vya mwalimu wa fasihi! Mwongozaji aliyebeba kumbukumbu ya mwalimu wake hadi anga za mbali, kisha akaikabidhi kwa binti wa ziwa letu, hakuwa anamficha mtu.

Hapa tunaingia kwenye uongozaji. Nimesema shtaka dhidi ya Abrams ni kunakili. Ni kweli: yatima wa jangwani, roboti aliyebeba siri, kilabu cha viumbe wa kila namna, silaha inayoteketeza dunia nzima, vyote vilikuwamo mwaka 1977 na vimo tena mwaka 2015. Lakini msomaji wa mashairi anajua kwamba kurudia umbo si wizi. Mtu akitunga tarbia leo, amechukua mishororo minne, vina vya kati na vya mwisho, na mizani kumi na sita, vyote vilivyokuwapo kabla ya babu yake. Hatumuulizi kwa nini amerudia. Tunamuuliza amesema nini ndani yake.

Alichosema Abrams ndani ya umbo la zamani kinaonekana vizuri katika mpangilio mmoja ambao walaumu wengi wameupita. Mark Hamill, aliyemwigiza Luke Skywalker tangu 1977 na ambaye dunia nzima ilimngoja, hatamki neno hata moja katika The Force Awakens. Anatokea mwishoni kabisa, juu ya kisiwa cha mawe, anageuka, anafunua kofia ya joho, na anamtazama Rey anayemnyooshea upanga wa baba yake. Filamu inakwisha hapo. Basi katika filamu ile ile, mwongozaji yule yule ametupa mwigizaji mwenye sauti isiyo na sura, na mwingine mwenye sura isiyo na sauti. Nyota wa zamani amenyang'anywa maneno, na mgeni amekabidhiwa hekima yote ya hadithi. Anayenakili bila kufikiri hafanyi mgawanyo kama huo.

Rian Johnson alishtakiwa kinyume chake. Katika The Last Jedi, ule upanga ulionyooshwa kwa heshima, Luke anautupa nyuma ya bega. Rey, ambaye mashabiki walikisia miaka miwili kwamba ni wa ukoo mkubwa, anaambiwa kwamba wazazi wake hawakuwa watu wa maana. Shujaa wa zamani amekuwa mzee aliyekata tamaa. Wengi walikasirika, wakasema hii si Star Wars tena. Hamill mwenyewe alieleza hadharani kwamba hakukubaliana na mwongozaji juu ya Luke wa namna hiyo, lakini aliingia kazini akaigiza, na mimi sijamwona akiigiza vizuri zaidi ya pale, akiwa na uchungu wa mtu anayebishana na ujana wake.

Nilipozisikia hasira zile nilikumbuka mwaka 1974. Ng'ambo ya maji kutoka Bunda, ukivuka na kivuko cha Kisorya, ni Ukerewe, na huko katika kijiji cha Namagondo alizaliwa Euphrase Kezilahabi. Mwaka huo ulichapishwa Kichomi, diwani yake isiyofuata vina wala mizani. Wakongwe walisema hayo si mashairi, bali ni nathari iliyokatwakatwa. Mjadala ukawaka, ukadumu miaka mingi, na maneno makali yalirushwa pande zote mbili. Wachache walikumbuka kwamba mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikwishatafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar kwa mishororo isiyo na vina, na anga halikuanguka. Leo tungo huru zinafundishwa na kutahiniwa katika sekondari zetu sambamba na tungo za kimapokeo. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na nadhani sasa hata wale wasiopenda tungo zake wanakubali kwamba alijua alichokuwa akikivunja.

Kujua unachokivunja ndiyo sharti lenyewe, na Johnson analitimiza. Mfano wangu ni tukio la Holdo, kamanda anayebaki peke yake melini na kuielekeza kwa mwendo wa mwanga katikati ya meli ya adui. Wakati wa mgongano ule mkubwa kuliko yote, sauti inakatika. Hakuna mlipuko wala muziki. Kuna mwanga na kimya kwa sekunde kadhaa. Baadhi ya majumba ya sinema Marekani yalilazimika kubandika matangazo kuwaeleza watazamaji kwamba mitambo haijaharibika. Filamu za namna hii zimejengwa juu ya kishindo, na mwongozaji ameondoa kishindo mahali ambapo kila mtu alikingoja. Mshairi angesema ameacha kina makusudi ili sikio lishtuke na moyo usikilize. Asiye na habari ya kanuni hawezi kulifanya hilo.

Sitetei kila kitu. Filamu ya tatu, ya 2019, imejaa mno na ina haraka. Nahisi Abrams aliporudi alijaribu kuridhisha pande zote za ugomvi, na mtungaji anayeogopa wasikilizaji hupoteza kituo cha shairi lake. Maz mwenyewe ameachiwa humo nafasi ndogo sana. Katika ile ya 2017 alitokea kwa dakika chache tu, akitoa maelekezo kutoka mbali huku akipigana, na katika dakika hizo alichekesha kuliko wengi waliopewa saa nzima. John Boyega, kijana wa London mwenye asili ya Nigeria aliyemwigiza Finn, alilalamika mwaka 2020 kwamba wahusika wasio weupe walipewa umuhimu mwanzoni kisha wakasukumwa kando. Nimezitazama filamu zote tatu, na naona alisema kweli. Lakini lalamiko lake linathibitisha hoja yangu: waigizaji walikuwapo, kipaji kilikuwapo, na pungufu lilikuwa katika kile walichopewa kuigiza.

Nakubali pia kwamba mtu anaweza kuzichukia filamu hizi akiwa na akili zake timamu. Ninachokikataa ni kile kilichofuata chuki. Nimekwisha kumtaja Ahmed Best. Mwaka 2018 Kelly Marie Tran, mwigizaji wa asili ya Vietnam aliyemwigiza Rose katika The Last Jedi, alifuta alichokuwa ameweka katika mtandao wake wa picha baada ya miezi ya matusi juu ya rangi na umbile lake. Katika malumbano ya ushairi tuliyorithi kuna ukali, na wakati mwingine kuna kejeli. Hata hivyo adabu ilitaka mtu alijibu shairi kwa shairi. Unaruhusiwa kusema kina kimelegea. Huruhusiwi kusema mwenye kina asiwepo duniani. Mjadala wa 1974 ulikuwa mkali, lakini ulituachia vitabu. Kelele zile za 2018 zilimwachia binti wa watu machozi, na hazikuliachia sinema fundisho lolote.

Lupita ameendelea na njia ya sauti. Mwaka 2016 alikuwa sauti ya mbwamwitu Raksha katika The Jungle Book, na mwaka 2024 akawa Roz, roboti wa The Wild Robot, ambaye uso wake ni bati lisilo na kinywa. Wajukuu waliniletea na hiyo. Safari hii hakuna aliyeuliza Lupita yuko wapi. Yule mdogo, aliyesema amefichwa, alinyamaza hadi mwisho, kisha akafuta macho kwa mkono wa shati akidhani simwoni.

Kwa desturi yetu nafunga kwa ubeti mmoja. Nauelekeza kwa wanaozibeza filamu hizi na kwa wanaozipenda, lakini kwanza kabisa kwa mtu mmoja aliyenisalimu Mwigobero, ambaye nilimjua kwa sauti yake:

Usidharau sauti, kwa kuwa huoni sura,
Redio usiku kati, ilitufunza busara,
Mwenye kupima kwa dhati, hushika mizani bora,
Kazi ipimwe kwa kazi, na mtu aheshimiwe.